Nguvu za mhusika zimehamishwa, tabia yake imesahauliwa

Tangu kitabu kipya cha wachezaji wa Dungeons & Dragons kitoke Septemba 2024, wapenzi wa michezo ya kuigiza wahusika wa kinjozi wamekuwa wakivutana juu ya alama chache za hesabu. Kwa miongo mingi mhusika mwenye damu ya orki, kiumbe mkali wa kinjozi, alianza mchezo na nyongeza ya nguvu, elfi, kiumbe wa kinjozi anayefanana na mwanadamu, alianza na nyongeza ya wepesi, na kibeti wa milimani alianza na nyongeza ya ustahimilivu, kwa sababu tu ya wazazi waliomzaa. Kitabu kipya kimeziondoa nyongeza hizo katika nasaba na kuziweka katika maisha ambayo mhusika aliishi kabla ya kuingia safarini, kama vile ukulima, ubaharia, ukarani, uaskari au hata wizi. Wapo wanaolalamika kwamba dunia ya mchezo imenyang'anywa ladha yake ili kuridhisha siasa za wakati huu, na wapo wanaoshangilia kwamba mchezo hatimaye umejivua ubaguzi. Naona pande zote mbili zinabishania jambo dogo. Nyongeza hizo hazikuwa na uzito mkubwa zilipokuwa katika nasaba, na hazina uzito mkubwa sasa zilipohamishiwa katika kazi. Badiliko zito, ambalo limepita karibu bila kelele, ni kwamba fadhila na kasoro za mhusika zimezidi kusukumwa nje ya kanuni, kiasi kwamba karatasi yake, ambamo sifa zake huandikwa, inaeleza kwa urefu mambo anayoweza kuyafanya na kugusa kwa maneno machache tu mambo ambayo angekataa kuyafanya hata akilipwa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuketi kwenye meza ya mchezo huu, maelezo mafupi yanahitajika. Dungeons & Dragons ulichapishwa mwaka 1974 na kampuni ndogo ya TSR iliyokuwa Lake Geneva, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, ukiwa kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi pamoja, kila mmoja akiigiza mhusika wake, naye msimamizi wa mchezo huwaeleza wanachokiona na kuamua, kwa msaada wa dadu, matokeo ya wanachokijaribu. Kila mhusika alipewa sifa sita, yaani nguvu, akili, hekima, ustahimilivu, wepesi na haiba, na kila sifa ilipatikana kwa kurusha dadu tatu na kujumlisha, hivyo alama zikawa kati ya 3 na 18. Jambo ambalo wengi wanaoutetea mchezo wa zamani hulisahau ni kwamba katika vijitabu vya 1974 alama hizo zilikuwa na kazi chache sana. Askari mwenye nguvu nyingi alipata hasa nyongeza ya uzoefu, maana yake alipanda daraja haraka kidogo kuliko mwenzake. Kando ya sifa hizo mhusika alitakiwa kuchagua upande, ama wa sheria, ama wa vurugu, ama wa kati. Kwa hiyo tangu mwanzo mchezo ulimwuliza mchezaji maswali mawili tofauti, moja juu ya uwezo wa mhusika na la pili juu ya msimamo wake.

Swali la pili lilikuzwa kwa bidii mwishoni mwa miaka ya 1970. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kilikuwa na mielekeo tisa ya maadili, iliyopatikana kwa kuuchanganya mstari wa sheria na vurugu na mstari wa wema na uovu. Mhusika aliyedhihirisha jambo hili kuliko wote alikuwa paladini, shujaa mtakatifu aliyelazimika kuwa mwema na mtii wa sheria maisha yake yote. Akitenda uovu kwa kusudi alipokonywa nguvu zake za kipekee na kubaki askari wa kawaida. Huyo paladini alihitaji pia haiba ya alama 17 au zaidi, na yeyote anayejua hesabu ya dadu tatu ataona kwamba jumla hiyo hutokea mara 4 katika mirusho 216. Kanuni zilikuwa zinasema, kwa namna isiyo ya haki lakini iliyo wazi, kwamba utakatifu ni adimu na una gharama. Aliyebadilisha mwelekeo wake wa maadili katikati ya safari, hata kama hakuwa paladini, alipoteza daraja zima la uzoefu alilolichuma kwa miezi.

Swali la kwanza, la uwezo, lilikuwa na historia isiyopendeza. Kitabu hicho hicho cha 1978 kiliweka ukomo wa nguvu kwa wahusika wa kike, kikawa kinamzuia mwanamke wa kibinadamu kufikia kiwango cha juu ambacho mwanamume alikifikia, na hoja iliyotolewa ilikuwa uhalisia. Hoja hiyo ilitolewa bila haya katika mchezo ambamo mtu hurusha moto kwa vidole. Ukomo huo uliondolewa katika toleo la pili la 1989 na sijasikia mtu mwenye akili timamu akiulilia. Toleo la tatu la 2000 lilimpa nusu-orki nguvu zaidi na kumtoza akili na haiba. Kitabu cha nyongeza cha 2016 kilipomruhusu mchezaji kuigiza orki kamili, kilimpunguzia tena alama mbili za akili, na punguzo hilo halikufutwa hadi masahihisho ya 2020. Mwishoni mwa mwaka huo ikatoka kanuni ya hiari ya kuhamisha nyongeza za nasaba popote mchezaji atakapo. Desemba 2022 wachapishaji, Wizards of the Coast, ambao ni wamiliki wa mchezo tangu walipoinunua TSR mwaka 1997, walitangaza kwamba neno la Kiingereza linalotumika kwa mbari za wanadamu litaachwa na kutumika neno la kibiolojia, spishi. Kilichotokea 2024 kilikuwa mwisho wa safari ndefu, na anayekiita mapinduzi ya ghafla hakuwa akifuatilia.

Tuwasikilize kwanza wanaolalamika, kwa kuwa si wote wanaoongozwa na chuki kama wapinzani wao wanavyopenda kudai. Hoja yao bora inahusu mwili. Goliathi wa kitabu kipya, mhusika wa ukoo wa majitu, ana kimo cha futi 7 hadi 8, naye halflingi, kiumbe mfupi mfano wa mwanadamu, hazidi futi 3. Kuwaanzishia wote wawili alama zile zile za nguvu ni kulifumbia macho jambo ambalo mtoto angeliona. Hata kanuni ya zamani iliyomzuia mtu mdogo kutumia silaha nzito kwa ufanisi imeachwa, na sasa inayoangaliwa ni alama ya nguvu, au ya wepesi kwa silaha za masafa. Hapa wana haki, na ningependa kanuni hiyo ingebaki. Lakini wanapoendelea na kusema kwamba tofauti za spishi zimefutwa, wanakosea kwa sababu ya kutosoma. Kibeti bado anaihimili sumu na sasa anahisi mitetemo kupitia mawe. Halflingi bado hurudia kurusha dadu inapoangukia 1. Orki bado hukataa kuanguka pale ambapo wengine wangezimia. Elfi halali usingizi wa kawaida. Hizi ni tofauti zinazoonekana mezani kila usiku, wakati nyongeza ya alama mbili ilionekana kwa shida. Fanya hesabu mwenyewe: alama mbili za sifa huongeza pointi moja katika dadu ya pande 20, yaani hubadilisha matokeo ya mrusho mmoja katika kila 20, pamoja na pointi moja ya madhara kwa pigo linalotua. Isitoshe, tangu 2014 ukomo wa juu wa kila sifa ulikuwa 20 kwa spishi zote, hivyo yule halflingi wa futi 3 angeweza kulingana na yeyote kwa nguvu baada ya kupanda madaraja. Uhalisia wanaodai umeporwa mwaka 2024 haukuwepo tangu miaka 10 nyuma yake.

Wanaoshangilia nao wana hoja nzuri, kisha wanaiharibu kwa kuipandisha juu kuliko inavyostahimili. Hoja nzuri ni kwamba mchezo unaomtoza mtu akili kwa sababu ya ukoo wake unarudia, kwa ufupi wa hesabu, madai ambayo wanadamu halisi waliwahi kuyatumia kuwatawala wanadamu wengine, na hakuna sababu ya kuyaburudikia mezani. Nakubali bila masharti. Ila kudai kwamba kuhamisha nyongeza kwenye usuli wa kazi, yaani maisha ya mhusika kabla ya safari, kumemkomboa mhusika ni kutosoma upande wa pili wa ukurasa. Kitabu kina usuli 16, na kila mmoja umefungiwa sifa tatu. Aliyekuwa mkulima huchagua kati ya nguvu, ustahimilivu na hekima, akili haimo. Aliyekuwa msomi ana ustahimilivu, akili na hekima. Mtoto wa ukoo wa kifahari ana nguvu, akili na haiba, naye mhalifu ana wepesi, ustahimilivu na akili. Mchezaji anayetaka mchawi mwenye asili ya shambani ataanza nyuma ya mchawi aliyelelewa maktabani, na wale waliotutangazia kwamba jaala ya damu imekufa hawajatuambia kwa nini jaala ya jembe ni nafuu. Sisi ambao wengi wetu tumesomeshwa kwa mazao ya shamba tunaweza kuruhusiwa kuliona hili kabla ya wengine. Ni kweli kwamba kitabu cha msimamizi kilichofuata Novemba 2024 kinaeleza namna ya kutunga usuli mpya, lakini ruhusa hiyo imewekwa mkononi mwa msimamizi, ilhali katika kitabu cha wachezaji cha 2014 kurekebisha usuli kulikuwa haki ya kila mchezaji.

Sasa nifike kwenye jambo lililopita bila kelele. Kitabu cha 2014, pamoja na mapungufu yake, kiliufuatanisha kila usuli na majedwali manne: mazoea ya tabia, itikadi anayoishikilia mhusika, kifungo kinachomfunga kwa mtu au mahali, na kasoro. Mchezaji alirusha dadu au akachagua, na mhusika akaingia mchezoni akiwa, kwa mfano, mtu asiyeweza kuvumilia kudharauliwa au mwenye deni la heshima asiloweza kulilipa. Msimamizi aliweza kumzawadia mchezaji aliyeigiza kasoro yake kwa uaminifu hata ilipomgharimu, na zawadi hiyo ilimpa nafasi ya kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo bora. Majedwali hayo hayamo tena katika maelezo ya kila usuli. Kilichobaki ni orodha fupi za maneno ya tabia zilizounganishwa na alama za sifa sita na mwelekeo wa maadili, zinazomdokezea mwenye alama za juu au za chini namna anavyoweza kuwa. Ile zawadi ya kuigiza nayo bado ipo, na msimamizi bado anaweza kuitoa, ila mhusika wa kibinadamu sasa huipata kila anapoamka kutoka usingizi mrefu, awe ametenda wema, ametenda ubaya au hakutenda lolote. Ukiyaweka haya pamoja utaona mwelekeo: ujasiri na huruma, ukaidi na majivuno, vimegeuka kuwa vivuli vya alama za uwezo au mapambo ya hiari.

Sitaki ionekane kwamba waliofanya hivyo hawakuwa na sababu. Miaka 40 ya mielekeo ya maadili ilizaa ugomvi usio na mfano. Hakuna meza ya muda mrefu ambayo haikuwahi kusimamisha mchezo ili kubishana kama paladini anaruhusiwa kumwua mateka. Adhabu ya kupoteza daraja ilimfanya msimamizi kuwa hakimu wa dhamiri ya rafiki yake, na urafiki kadhaa haukuistahimili. Tena mielekeo hiyo ilibandikwa kwa mataifa mazima, hata watoto wa orki wakahesabiwa waovu kabla hawajatambaa, na hapo tatizo la nguvu za kuzaliwa na tatizo la uovu wa kuzaliwa vikawa kitu kimoja. Michezo mingine ilijaribu njia ya soko: tangu Champions wa 1981 mchezaji aliweza kumwekea mhusika wake udhaifu na kulipwa alama za kununulia uwezo, na matokeo yake yakawa yale ambayo mfanyabiashara yeyote angeyatabiri, kwamba watu walichagua udhaifu ambao haungewahi kuwauma. Mtu aliyeyaona yote haya anaweza kuhitimisha kwamba tabia haipimiki, na kwamba kanuni zikae na mapanga na mizinga zikiiachia mioyo ya wachezaji mambo mengine. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote katika mjadala huu, na cha kushangaza ni kwamba karibu hakuna anayeitoa, kwa sababu wote wako mbioni kubishana juu ya orki.

Hata hivyo haitoshi, kwa kuwa ipo michezo iliyolitatua tatizo hilo muda mrefu uliopita. Mwaka 1985 Greg Stafford alichapisha Pendragon, mchezo wa makabaila na mashujaa wa zama za mfalme Arthur, ambao karatasi yake ya mhusika ina jozi 13 za tabia zinazopingana: ukarimu na uchoyo, huruma na ukatili, unyenyekevu na kiburi, uaminifu wa kauli na udanganyifu, uchaji na udunia, ushujaa na woga, na kadhalika. Kila jozi hujumlisha 20, hivyo anayepanda katika ukarimu hushuka katika uchoyo, na hakuna anayeweza kuwa na vyote. Kinachoupa mfumo huu uhai ni kwamba tabia hizo hazichaguliwi mara moja na kusahaulika. Mhusika anayemsamehe adui aliyeshindwa hupata nafasi ya kuongezeka katika huruma. Anayemkata kichwa huongezeka katika ukatili. Na anapofika mahali tabia yake imekuwa kali mno, huja wakati ambapo dadu huamua badala yake, naye mchezaji hugundua kwamba shujaa aliyemzoesha kulipiza kisasi hawezi tena kuambiwa anyamaze. Shujaa ambaye jumla ya juhudi, ukarimu, haki, huruma, unyenyekevu na ushujaa wake inafikia 80 huhesabiwa mwungwana kamili na kulimbikiziwa utukufu kila mwaka. Hapa fadhila imekuwa nguvu yenyewe, na inatoka katika matendo yaliyorudiwa, bila kujali mhusika alizaliwa na nani wala alilima nini.

Mwaka huo huo, kwenye kompyuta, Richard Garriott alitoa Ultima IV, mchezo usio na jitu ovu la kuua mwishoni. Lengo lilikuwa kukamilika katika fadhila nane, zikiwemo uaminifu, huruma, ushujaa, haki na unyenyekevu. Mchezaji aliponunua dawa za uchawi kwa muuzaji kipofu, aliachiwa ataje mwenyewe kiasi anacholipa. Kompyuta haikumzuia kumpunja, iliandika tu, na hesabu hiyo ilimkuta baadaye. Naupenda mfano huu kuliko maelezo marefu ya nadharia, kwa sababu unaonyesha kwamba tabia inaweza kupimwa bila mtu yeyote mezani kuhubiri.

Pingamizi la mwisho ni kwamba dadu inayomwambia mchezaji kuwa shujaa wake leo ni mkatili inamnyang'anya uhuru. Pingamizi hili lina mantiki hadi ukiliweka mbele ya sifa nyingine. Hakuna anayelalamika kuwa dadu imemnyima uhuru inaposema panga lake limekosa, au kwamba haiba yake haikutosha kumshawishi mlinzi wa lango. Tunakubali kwamba mhusika anaweza kushindwa kwa mkono na kwa ulimi; tukikataa kwamba anaweza kushindwa kwa moyo, tunakuwa tumeamua kuwa moyo ndio kiungo pekee kisicho na udhaifu, jambo ambalo hakuna masimulizi ya kishujaa ya taifa lolote yanayoliunga mkono. Wenye wasiwasi bado wanaweza kuchukua njia ya katikati, ambayo mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3 wa kampuni ya Larian kutoka Ubelgiji uliionyesha mwaka 2023. Mchezo huo, uliojengwa juu ya kanuni za Dungeons & Dragons, umeiacha mielekeo ya maadili kabisa, lakini kila mwenzi wa safari huyaidhinisha au kuyachukia matendo ya mchezaji kwa vipimo vyake mwenyewe, na tendo linalomfurahisha Astarion mara nyingi humuudhi Wyll. Hakuna hakimu mmoja wa wema. Kuna majirani wanaokukumbuka.

Jambo hili linatuhusu hata sisi tulio mbali na Wisconsin, kwa sababu kijana anayetaka leo kutunga mchezo wa aina hii kwa Kiswahili atazikuta zile sifa sita zimemtangulia, na atazinakili kama vile ni maumbile. Ajaribu kumwandikia karatasi Fumo Liongo. Nguvu atampa 20 bila kusita. Lakini masimulizi yanasema Liongo alitoka kifungoni kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, akiikata minyororo huku kelele za ngoma ya gungu zikifunika sauti ya chuma, na pengine hilo ataliandika chini ya akili. Kisha afike kwa mtoto aliyerubuniwa, na siri ya sindano ya shaba ya kitovuni ambayo baba hakuweza kumnyima mwanawe. Kilichomwua Liongo ni imani yake kwa mwana, na katika zile sifa sita za 1974, sawa na katika usuli 16 wa 2024, hakuna mahali pa kuiandika. Karatasi ya Pendragon ina jozi ya kumwamini mtu na kumshuku. Kijana huyo angeweza kuanzia hapo, akatunga jozi zake mwenyewe za uungwana na ushenzi, za stahamala na hamaki, za kutunza siri na kuropoka, na akaacha nguvu ya mkono iwe mstari mmoja chini ya ukurasa.